Maswali na Majibu: Kuhesabu Mistari ya Faili kwa BASIC

Safari hii tumeyaweka pamoja maswali yanayogusa jambo moja: programu ya BASIC (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) inayotakiwa kusema faili la maandishi lina mistari mingapi, iseme haraka, na isikosee.

SWALI: Naandika kwa FreeBASIC kwenye Windows. Nina faili la maandishi la MB 180 lenye mistari inayokaribia milioni 3. Nalifungua kwa For Input, kisha ndani ya Do Until EOF naita Line Input na kuongeza 1. Jibu linatoka sawa ila linachelewa mno. Nifanyeje? — *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kinachokula muda hapo ni Line Input yenyewe. Kila unapoiita inatafuta mwisho wa mstari, inatenga nafasi kwenye kumbukumbu, inanakili maandishi humo, na mstari wa pili ukija kazi inaanza upya. Kwa faili lako hayo yanafanyika mara milioni 3, na EOF (swali la kama faili limeisha) nayo inaulizwa mara milioni 3. Maandishi yenyewe huna haja nayo. Unachotaka ni idadi tu. Basi usiiombe BASIC ikupe mistari. Iombe baiti.

Kila mstari kwenye faili unafungwa na baiti yenye thamani 10. Windows hutanguliza baiti 13 kabla ya hiyo 10, Linux huweka 10 peke yake. Kwa hiyo ukihesabu 10 tu, unapata idadi sahihi kwa mafaili ya pande zote mbili. Fungua faili kwa Binary, soma kipande kikubwa kwa mkupuo, pita baiti zake, endelea:

```
Function HesabuMistari(ByRef jina As Const String) As LongInt
    Const KIPANDE = 65536
    Dim As UByte b(0 To KIPANDE - 1)
    Dim As UInteger n
    Dim As LongInt mistari = 0
    Dim As UByte mwisho = 10
    Dim As Long f = FreeFile

    If Open(jina For Binary Access Read As #f) <> 0 Then Return -1
    Do
        Get #f, , b(0), KIPANDE, n
        If n = 0 Then Exit Do
        For i As Integer = 0 To n - 1
            If b(i) = 10 Then mistari += 1
        Next
        mwisho = b(n - 1)
    Loop
    Close #f

    If mwisho <> 10 Then mistari += 1
    Return mistari
End Function

Print HesabuMistari(Command(1))
```

Faili la MB 180 linagawanyika vipande 2,880 vya baiti 65,536. Yaani badala ya kuita amri ya kusoma mara milioni 3, unaiita mara 2,880 na moja ya ziada inayogundua kuwa faili limeisha. Kuongeza kipande hadi MB 1 au 4 hakukupi faida ya maana, na kuna mtego: safu iliyotangazwa kwa Dim ndani ya fanksheni hukaa kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ya muda ya fanksheni), na staki ni ndogo. Ukiweka safu ya MB 4 hapo, programu inaweza kufa papo hapo bila hata ujumbe. Ukiona lazima uwe na kipande kikubwa, andika Static badala ya Dim.

Angalia pale mzunguko wa For unapoishia. Unaishia n - 1, hauishii KIPANDE - 1. Kipande cha mwisho karibu kila mara huwa pungufu, na sehemu ya safu ambayo haikuandikwa upya bado ina baiti za kipande kilichotangulia. Ukipita safu nzima unazihesabu mara ya pili. Kosa hili ni gumu kulikamata kwa sababu jibu linazidi kwa mistari mia kadhaa tu, na kwenye milioni 3 nani atashtuka?

Wengine hupenda kutafuta jozi nzima, 13 ikifuatiwa na 10. Usifanye hivyo unaposoma kwa vipande. Itatokea 13 imeangukia mwisho wa kipande kimoja na 10 mwanzo wa kingine; jozi imekatika na mstari umepotea. Baiti moja haikatiki.

Kuhusu kukompaili (kugeuza msimbo uwe programu ya kuendeshwa), kwenye FreeBASIC ya biti 32 andika `fbc -gen gcc -O 2 hesabu.bas`, kwa sababu bila `-gen gcc` toleo hilo hutumia njia yake ya zamani ambayo hiyo `-O` haiigusi kabisa. Pia hakikisha hukuacha `-exx` uliyoweka wakati wa kutafuta makosa. Hiyo inakagua mipaka ya safu kila unapoandika b(i), na hapa b(i) inasomwa mara zaidi ya milioni 188.

SWALI: Mimi bado natumia QBasic, BASIC ya zamani ya DOS, ndani ya DOSBox inayoiga DOS. Nimejaribu kusoma kwa vipande na kupima kila herufi kwa ASC(MID$(b$, i, 1)). Imekuwa taratibu kuliko LINE INPUT! — *Msomaji, Tanga*

JIBU: Ndivyo inavyotarajiwa. QBasic haikompaili, inafasiri kila amri wakati programu inakimbia. Mzunguko wa kupima herufi moja moja, ambao FreeBASIC inaugeuza kuwa maagizo machache ya prosesa, kwenye QBasic ni mlolongo mrefu: MID$ inatengeneza stringi mpya ya herufi moja, ASC inaisoma, IF inapima, na yote yanafasiriwa upya kila mara. Kwa lugha inayofasiriwa, kanuni ni kuiachia amri moja iliyojengwa ndani ifanye kazi kubwa. Hapa amri hiyo ni INSTR, ambayo inatafuta kwenye stringi nzima kwa msimbo wa mashine na kurudi kwako pale tu inapopata kitu.

```
DEFLNG A-Z
jina$ = "ORODHA.TXT"
OPEN jina$ FOR INPUT AS #1: CLOSE #1
OPEN jina$ FOR BINARY AS #1
baki = LOF(1)
DO WHILE baki > 0
  n = 16384
  IF baki < n THEN n = baki
  IF LEN(b$) <> n THEN b$ = SPACE$(n)
  GET #1, , b$
  p = INSTR(b$, CHR$(10))
  DO WHILE p > 0
    k = k + 1
    p = INSTR(p + 1, b$, CHR$(10))
  LOOP
  baki = baki - n
LOOP
IF LOF(1) > 0 AND RIGHT$(b$, 1) <> CHR$(10) THEN k = k + 1
CLOSE #1
PRINT k
```

GET inasoma baiti nyingi kadiri ya urefu wa b$ kwa wakati huo, ndiyo maana SPACE$ inatangulia. Ukiisahau, b$ ni tupu, GET haisomi kitu, na unapata 0 au 1. Stringi ya QBasic haizidi herufi 32,767, basi 16,384 ni kipimo cha salama.

Kama hutaki kuandika upya programu yako ya LINE INPUT, jaribu kwanza kitu kidogo: ongeza `LEN = 16384` mwishoni mwa amri ya OPEN. Bila hiyo, QBasic inasoma diski kwa vipande vya baiti 512. Na kama ndani ya mzunguko kuna PRINT inayoonyesha namba ya mstari, itoe kabla hujagusa kingine chochote. Kuandika kwenye skrini ni kazi nzito kuliko kuhesabu.

SWALI: Programu inakata na kusema "Overflow" kila faili likiwa kubwa. Madogo hayana shida. — *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Kihesabio chako ni INTEGER. Kwenye QBasic, na vilevile VBA (BASIC iliyomo ndani ya Excel), INTEGER ina biti 16 na kikomo chake ni 32,767; mstari wa 32,768 unakuangusha. Tangaza LONG, inayofika 2,147,483,647, au weka DEFLNG A-Z juu kabisa kama tulivyofanya hapo juu.

SWALI: Nina makro ya VBA kwenye Excel inayohesabu mistari kwa Line Input. Faili ninalopakua kutoka kwenye seva ya ofisi inasema lina mstari 1. Nikilifungua kwa Notepad naona maelfu. Nani anadanganya? — *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Line Input ya VBA huutambua mwisho wa mstari kwa baiti 13, iwe peke yake au ikifuatwa na 10. Seva nyingi zinaendeshwa kwa Linux, na faili la Linux lina 10 tupu. Line Input inaitafuta 13, haioni, inaendelea hadi faili linaisha na kukukabidhi faili zima kama mstari mmoja. Notepad ya zamani nayo ilikuwa na ugonjwa huohuo. Ya Windows 10 kuanzia mwaka 2018 imeshatibiwa, ndiyo maana unaiona mistari vizuri.

Tofauti hii ya 13 na 10 ni urithi wa mashine za teletype. Baiti 13 iliamuru kichwa cha kuchapia kirudi kushoto, baiti 10 ikaamuru karatasi ipande mstari mmoja. Mfumo endeshi wa zamani wa CP/M ukazichukua zote mbili, MS-DOS ikafuata, Windows ikarithi. Unix iliona moja inatosha.

Dawa ni ileile ya baiti. Tangaza `Dim b() As Byte`, fungua kwa `Open jina For Binary Access Read As #f`, kisha kwa kila kipande andika `ReDim b(0 To n - 1)` na `Get #f, , b`, hesabu 10. Hesabu ya baki na n ni kama ya QBasic hapo juu. Usishawishike na njia ya mkato ya kusoma faili zima kwenye stringi na kuikata kwa Split. VBA hutumia baiti 2 kwa kila herufi, kwa hiyo faili la MB 100 linakuwa MB 200 kwenye kumbukumbu, halafu Split inatengeneza nakala nyingine juu yake. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itaanza kuhema.

Na kama unalihesabu ili ujue litaenea kwenye Excel, kumbuka jedwali moja linaishia mstari wa 1,048,576. Faili la .xls la zamani linaishia 65,536.

SWALI: Programu yangu inatoa 5,001, lakini `wc -l` kwenye Linux inatoa 5,000. Faili ni lilelile. — *Msomaji, Kampala*

JIBU: Zote mbili ziko sahihi kwa kipimo chake. `wc -l` inahesabu baiti 10 na kuishia hapo. Mstari wa mwisho usipofungwa kwa 10, yaani mwandishi hakubonyeza Enter alipomaliza, `wc` haiuhesabu. Programu yetu inaitazama baiti ya mwisho ya faili, na isipokuwa 10 inaongeza 1, kwa sababu mtu anayefungua faili anauona mstari ule kwa macho yake. Faili tupu linabaki 0. Ndiyo kazi ya kile kigeu `mwisho` kuanza na thamani 10. Ukitaka majibu yalingane na `wc`, futa tu mstari ule wa If wa mwisho.

Kosa halisi ni la wanaoongeza 1 bila kupima. Hao wanakosea kwa kila faili lililofungwa vizuri.

SWALI: Niliandika jina la faili vibaya, programu ikajibu mistari 0 bila kulalamika. Baadaye nikakuta faili tupu lenye jina lile baya kwenye folda. — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: OPEN FOR BINARY ya QBasic ikikosa faili inaliunda. FreeBASIC nayo hufanya hivyo usipoandika Access Read. Ukiiandika, Open inashindwa na fanksheni yetu inarudisha -1. Kwenye QBasic tumetumia njia ya kizamani lakini ya uhakika: kufungua kwanza FOR INPUT, ambayo italeta "File not found" kama faili halipo, kisha kufunga na kufungua upya.

SWALI: LINE INPUT kwenye QBasic inaishia katikati ya faili. Naliunganisha kutoka mafaili ya matawi kadhaa. — *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Tafuta baiti 26 pale inapoishia. CP/M ilirekodi ukubwa wa faili kwa vipande vya baiti 128, si kwa baiti moja moja, kwa hiyo ilihitaji alama ya kusema maandishi yameishia wapi, na alama hiyo ilikuwa 26. DOS iliendelea kuiheshimu: ukifungua FOR INPUT, EOF inakuwa kweli ikikutana nayo hata kama nyuma yake kuna MB 10 za maandishi. COPY ya DOS inapounganisha mafaili kwa alama ya + huibandika mwishoni mwa faili jipya. Ukiongeza tawi jingine kwa `>>`, alama inabaki katikati. Unganisha kwa `COPY /B`, au hesabu kwa BINARY, ambayo haijali 26.

SWALI: Nina orodha ya wateja ya CSV (faili la maandishi lenye visanduku vilivyotenganishwa kwa mkato). Hesabu ya mistari inazidi idadi ya wateja. Mistari mitupu ipo, lakini hata nikiitoa bado haifanani. — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Kwanza toa mstari wa vichwa vya safu, watu husahau. Kwa mistari mitupu, weka kigeu kimoja, tukiite `pana`, kianze na 0. Ukikuta baiti iliyo juu ya 32, kifanye 1. Ukikuta 10, ongeza hesabu endapo `pana` ni 1, kisha kirudishe 0. Mwisho wa faili kipime mara moja zaidi badala ya kupima baiti ya mwisho. Kwa njia hii mstari wenye nafasi au tabo tupu hauhesabiwi, wala ule wenye 13 peke yake.

Ziada inayobaki huenda inatoka kwenye anwani. CSV inaruhusu mtu kubonyeza Enter ndani ya kisanduku mradi kimefungwa kwa alama za nukuu, kwa hiyo mteja mwenye anwani ya mistari mitatu anachukua mistari mitatu ya faili. Ongeza kigeu kingine, `ndani`, na kila ukikutana na baiti 34 (alama ya nukuu) kigeuze: 0 kiwe 1, 1 kiwe 0. Baiti 10 ihesabu tu `ndani` ikiwa 0. Nukuu mbili zinazofuatana, ambazo CSV huzitumia kuandika alama ya nukuu yenyewe, hazina madhara kwa kuwa zinageuza mara mbili. Vigeu hivi vitangazwe nje ya mzunguko wa vipande, la sivyo vinasahau hali yake kila baada ya baiti 65,536.

Hatari iko kwenye nukuu ya pekee. Mtu akiandika runinga ya 21" bila kufunga kisanduku, kuanzia pale nje inakuwa ndani na ndani nje. Programu ikimaliza na `ndani` bado ni 1, usiuamini mjumlisho. Nenda kaitafute hiyo nukuu.

SWALI: Nikipima kwa TIMER, mara ya kwanza inachukua muda mrefu, mara ya pili inaruka. Ipi nishike? — *Msomaji, Arusha*

JIBU: Mara ya kwanza umepima diski. Mara ya pili faili lilikuwa limeshahifadhiwa kwenye kumbukumbu na mfumo endeshi, ukapima programu. Ukilinganisha njia mbili za kuhesabu, endesha kila moja mara kadhaa na uitupe ya kwanza. Vinginevyo njia utakayoijaribu ya pili itashinda bila haki. TIMER ya QBasic inasogea mara 18.2 tu kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya chini ya sekunde 0.05 haionekani. Na inahesabu tangu saa sita usiku: ukianza dakika chache kabla ya hapo na kumaliza baada yake, utapata muda hasi.

SWALI: Faili letu limehifadhiwa na Notepad kwa chaguo la "Unicode". Kila mara tunapata mstari 1 wa ziada. — *Msomaji, Muscat*

JIBU: Chaguo hilo ni UTF-16, ambamo kila herufi ya kawaida inachukua baiti 2. Mwisho wa mstari ni 13, 0, 10, 0. Baiti ya mwisho kabisa ya faili ni 0, programu inadhani mstari haukufungwa na kuongeza 1. Tena kwa maandishi yasiyo ya Kilatini baiti 10 inaweza kuwa nusu ya herufi. Lihifadhi upya kwa UTF-8. Humo herufi zote zilizo nje ya zile za kawaida, zikiwemo za Kiarabu, zinaandikwa kwa baiti za 128 kwenda juu, hivyo 10 haijifichi ndani ya herufi yoyote.

SWALI: Hakuna njia ya kujua idadi bila kusoma faili? — *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Ipo, kama kila mstari una urefu uleule. Mstari wa herufi 40 kwenye Windows ni baiti 42 pamoja na 13 na 10. LOF (ukubwa wa faili kwa baiti) ikisema 4,200,000, una mistari 100,000, na hukusoma hata baiti moja. Gawa kwa alama ya mkwaju wa nyuma (\), kisha angalia LOF MOD 42. Ikiwa 0, sawa. Ikiwa 40, mstari wa mwisho haukufungwa, ongeza 1. Ikiwa namba nyingine yoyote, kuna mstari ulioharibika mahali fulani na itakubidi usome.

Na kama ni faili moja unalotaka kulijua leo tu, huhitaji BASIC. Kwenye Windows andika `find /c /v "" orodha.txt`.